Bustani ya Washairi: Mabinti Wanne na Nyumba Zilizowalea



Katika ukurasa huu twaendelea kuwaleteeni khabari za washairi wa nchi mbali mbali na zama mbali mbali, ili vijana wetu wapate kujua ya kwamba ushairi ni mali ya wanaadamu wote, wala si mali ya kabila moja au ya lugha moja. Mwezi huu tumekusudia kuwataja washairi wanne, na wote wanne ni wanawake. Wa kwanza ni wa Bara Arabu, wa pili ni wa Sokoto katika Nigeria, wa tatu ni wa kisiwa cha Pate katika pwani yetu, na wa nne ni wa Uajemi. Baina ya wa kwanza na wa mwisho ipo miaka ipatayo 1,300.

Tumewaweka pamoja kwa sababu moja. Si mara chache twamsikia mzazi akisema: "Mtoto wa kike akijua kusali na kutunza nyumba, yatosha, mashairi yatamfaa nini?" Basi twamwomba msomaji ayatazame maisha ya wanawake hawa, na kila afikapo kwa mmoja wao ajiulize suala hili: Ni nani aliyemfundisha? Tukilijibu suala hilo vyema, tutakuwa tumemjibu na mzazi yule.

Lakini kwanza yafaa kuiondoa shaka ya wale wasemao ya kwamba dini yetu haipendi mashairi. Sura ya 26 ya Kurani Tukufu imepewa jina la Washairi, na mwishoni mwake wamelaumiwa washairi ambao vitendo vyao havifuatani na maneno yao. Hata hivyo, papo hapo wametolewa katika lawama hiyo wale wenye imani na vitendo vyema. Tena sote twajua ya kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuwa na washairi miongoni mwa masahaba zake, na mashuhuri wao ni Hassan bin Thabit (r.a.) wa Madina. Kwa hiyo kilicholaumiwa si ulimi wenye vina, bali ni ulimi usio na ukweli. Kisu ni kile kile: mmoja hukitumia kuchinja kwa halali, na mwingine hukitumia kudhulumu.

Sasa na tuanze na Bara Arabu. Jina lake ni Tumadir binti Amr, wa kabila la Banu Sulaym, lakini ulimwengu humjua kwa lakabu ya al-Khansa, yaani mwenye pua fupi iliyobonyea kidogo mfano wa pua ya paa, sifa ambayo Waarabu waliihesabu kuwa ni uzuri. Alikua katika zama za kabla ya Uislamu. Watu wa zama zile aghalabu hawakuwa na vitabu. Kitabu chao kilikuwa kifua, na kalamu yao ilikuwa ulimi. Nasaba za kabila, vita vyake, ukarimu wake na aibu za maadui zake, yote yalihifadhiwa kwa mashairi.

Al-Khansa alikuwa na ndugu wawili aliowapenda mno, Muawiya na Sakhr. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 7 Muawiya aliuawa katika ugomvi wa makabila, na baadaye Sakhr naye akajeruhiwa, akaugua kwa muda mrefu kwa jeraha lile, kisha akafa. Hapo ndipo al-Khansa alipojulikana. Aliwatungia ndugu zake marthiya, yaani mashairi ya kumlilia aliyekufa, na khasa Sakhr alimlilia kwa miaka mingi. Miongoni mwa Waarabu marthiya ilikuwa kazi ya wanawake tangu zamani, lakini wengi wao walitunga beti chache za siku ya msiba, kisha zikasahauliwa. Al-Khansa aliikuza kazi ile mpaka ikawa fani ya kuheshimiwa. Mtindo wake ni mwepesi kuutambua: huyaambia macho yake mwenyewe yasifanye ubakhili wa machozi, hulirudia jina la marehemu mara kwa mara kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa, na huzitaja sifa zake moja moja, ukarimu wake kwa wageni na ushujaa wake vitani.

Wapokezi wa khabari wanasimulia ya kwamba alisoma mashairi yake katika soko la Ukaz mbele ya an-Nabigha adh-Dhubyani, mshairi mkubwa aliyekuwa akiwahukumu washairi wenziwe huko, naye akamsifu sana. Kisha Uislamu ulipokuja, al-Khansa alifika Madina pamoja na watu wa kabila lake akasilimu, na yasimuliwa ya kwamba Mtume (s.a.w.) alipenda kuyasikiliza mashairi yake na kumtaka aongeze. Wasimulizi husema vile vile ya kwamba wanawe wanne waliuawa katika vita vya Qadisiyya, mnamo mwaka 636, na kwamba mama yule aliyewalilia nduguze kwa miaka mingi aliipokea khabari hiyo kwa kumshukuru Mungu. Wako wachunguzi wanaoitilia shaka khabari hii ya wana wanne, lakini Waislamu wa karne nyingi wameipenda, kwa sababu yaonyesha jinsi imani inavyoweza kuugeuza moyo bila ya kuukata ulimi.

Ni nani, basi, aliyemfundisha al-Khansa? Hakuwa na chuo wala mwalimu wa kulipwa. Waliomfundisha ni watu wake: alikaa walipokaa wasemaji, akasikia waliyoyasema, na alipofumbua kinywa hapana aliyemwambia anyamaze kwa kuwa ni mwanamke.

Tuache sasa Bara Arabu, tuvuke jangwa kubwa la Sahara mpaka Afrika ya Magharibi, na tuvuke pamoja na hilo karne kumi na moja na zaidi. Huko, katika mwaka 1793, alizaliwa Nana Asma'u, binti wa Sheikh Usman dan Fodio. Baba yake alikuwa mwanachuoni wa Kifulani, aliyeanza jihadi mwaka 1804 katika nchi za Wahausa, na kutokana na jihadi hiyo ukasimama ukhalifa ambao makao yake yakawa Sokoto. Asma'u alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja vita vilipoanza, na katika miaka ile aliuona uhamaji, njaa na mauti.

Sheikh Usman aliwalaumu waziwazi wanavyuoni wa zama zake waliowafundisha wanafunzi wa kiume mpaka usiku, ilhali wake zao na binti zao wamebaki ndani katika ujinga wa dini. Alianza nyumbani kwake. Asma'u alihifadhi Kurani, akasoma fikihi na tasawuf, akajua Kiarabu, Kifulani na Kihausa, akaolewa na Gidado dan Laima ambaye alikuwa waziri wa Sokoto. Na pamoja na kuwa mke, na mama, na mwendesha nyumba kubwa yenye wageni na watumishi wengi, alitunga tungo zaidi ya 60 ambazo mpaka leo zipo. Tungo hizo zilikusanywa na kuchapwa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1997 na Jean Boyd na Beverly Mack.

Mtindo wake si wa al-Khansa. Yeye pia aliandika marthiya, na aliwalilia nduguye Muhammad Bello, aliyekufa mwaka 1837, na rafiki yake wa tangu utotoni. Lakini sehemu kubwa ya tungo zake ni mashairi ya kufundisha. Katika utungo mmoja aliyakusanya majina ya sura zote za Kurani, ili mtu asiyejua kusoma aweze kuyahifadhi kwa kuimba, na utungo huo aliutoa katika lugha zaidi ya moja. Mengine yaeleza ibada, tabia njema, sira ya Mtume (s.a.w.) na khabari za wanawake wacha Mungu. Alipenda pia kufanya takhmisi, yaani kuyachukua mashairi ya mtu mwingine na kuiongezea kila beti ya mishororo miwili mishororo mitatu ya kwake, hata ikawa mitano. Msomaji wa pwani hatastaajabu kwa hili, kwani hata huku kwetu Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliufanyia takhmisi utungo wa Liyongo.

Kazi kubwa ya Nana Asma'u haikuwa kutunga tu, ilikuwa kuyafikisha mashairi yale kwa wenyewe. Wanawake wa vijijini hawakuweza kuja mjini kusoma. Basi alianzisha jamii ya wanawake iliyoitwa 'Yan Taru, maana yake waliokusanyika pamoja, na kila kundi akalipa kiongozi aliyeitwa jaji. Kiongozi huyo alivaa kofia pana ya kusukwa yenye kitambaa chekundu, apate kutambulikana na kuheshimiwa njiani. Makundi yalifunga safari mpaka Sokoto, wakajifunza shairi kwa Nana Asma'u, wakaulizia maana yake, kisha wakarudi nalo kijijini wakawafundisha wenziwao waliobaki. Hivyo shairi moja lilikuwa ni chuo chenye miguu. Nana Asma'u alifariki mwaka 1864, na 'Yan Taru hawakufa pamoja naye.

Hapa, enyi wazazi, suala letu lina jibu jepesi: aliyemfundisha ni baba yake. Lakini faida ya mafundisho yale haikubaki kwa binti mmoja. Baba alimfundisha mmoja, na mmoja akawafundisha wengi, wasiohesabika.

Nana Asma'u alipokuwa angali hai huko Sokoto, upande wa pili wa bara letu mama mmoja alikuwa kitandani, mgonjwa, naye ana binti anayemfikiria. Mama huyo ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mkuu wa Siu, ambaye kwa miaka mingi aliupinga utawala wa Sayyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane wake aliyehisi ya kuwa umri wake unakwisha alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Haikupita miaka mingi naye akafariki.

Bahari aliyoichagua ni ile iliyozoeleka mno katika pwani yetu: ubeti wa vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina chake kinachofuatana toka ubeti wa mwanzo mpaka wa mwisho. Bahari hii ni nyepesi kuhifadhi na tamu kuimba, na kwayo zimesimuliwa khabari ndefu za vita na za mitume. Mwana Kupona aliitumia kwa jambo la nyumbani kabisa: maneno ya mama na mwanawe. Amemuusia kushika dini kwanza, kisha adabu, ukweli wa maneno, kuchagua watu wa kukaa nao, kuwasaidia mafakiri, usafi wa mwili na wa nyumba, na kumtii mume na kumridhisha. Kisha amemwomba Mungu kwa ajili ya nafsi yake, watoto wake na jamaa zake.

Tunajua ya kwamba katika zama hizi wapo vijana wa kike wausomao utendi huu wakasema ya kuwa umempa mume mno na mke umempa kidogo. Hatuwanyimi haki ya kusema, kwa kuwa kila kizazi huusoma wasia kwa macho yake. Lakini twawaomba walitazame na jambo hili. Mama yule, mwanzoni mwa wasia wake, anamtaka bintiye achukue vyombo vya kuandikia, ayaandike atakayoambiwa. Katika mwaka 1858, katika visiwa vyetu, mama alitunga na binti alijua kuandika! Wala mama hakuuficha utungo wake. Ndani yake amelitaja jina lake na mwaka wake. Basi anayedhani ya kuwa kumfundisha binti kalamu ni jambo geni lililoletwa na meli za Wazungu, na aingie nyumba ile ya kisiwani asikilize.

Wanawake wa pwani waliuhifadhi utendi huu na kuunakili kwa herufi za Kiarabu kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapa, na mwaka 1971 J. W. T. Allen akautia katika kitabu chake cha tendi. Lakini kabla ya wataalamu hao wote, waliouokoa ni mama na mabibi wasiotajwa majina.

Wa nne ni Parvin E'tesami, aliyezaliwa mjini Tabriz, Uajemi, mwaka 1907. Baba yake, Yusuf E'tesami, alikuwa mwandishi na mfasiri, mwenye gazeti lililoitwa Bahar. Nyumba yake mjini Tehran ilikuwa baraza ya wanavyuoni na washairi, na Parvin tangu utotoni aliketi akasikiliza. Baba alimfundisha Kiarabu na fasihi ya Kiajemi ya kale, na alimpa vipande vya maneno alivyovifasiri kutoka lugha nyingine ili ajizoeze kuvigeuza mashairi. Hatimaye alimpeleka shule ya wasichana ya Wamarekani, naye akamaliza huko mwaka 1924. Siku ya kumaliza alitoa hotuba juu ya mwanamke na historia.

Parvin hakuandika kama al-Khansa aliyelia, wala kama Nana Asma'u aliyefundisha wazi wazi. Mtindo uliompa jina ni munadhara, yaani mabishano: vitu viwili au viumbe viwili husemezana ndani ya shairi, na katika mabishano yao msomaji huuona ukweli. Huenda ikawa sindano na uzi, au mlevi na askari aliyemkamata, au mwizi na kadhi. Mtindo huu ni wa kale katika Kiajemi, lakini Parvin aliujaza maumivu ya zama zake: yatima, mjane, mfanyakazi asiyelipwa haki, na mtawala anayekula jasho la watu. Sisi tuliozoea washairi wetu kujibizana kwa vina twaweza kuuelewa upesi, ila kwake mshairi ni mmoja na huzisema pande zote mbili.

Diwani yake ilichapwa mwaka 1935, na wapo waliosema ya kwamba mashairi yale mazito hayawezi kuwa ya mwanamke, bila shaka yametungwa na mwanamume. Aliolewa mwaka 1934, na ndoa haikudumu ila muda mfupi. Alirudi kwa baba yake na hakujaza watu masikio kwa malalamiko. Serikali ilimpa nishani, akaikataa. Baba yake alipofariki mwaka 1938 alimtungia marthiya, na mwaka 1941 yeye mwenyewe akafariki kwa homa ya matumbo, hata miaka 35 hajatimiza. Amezikwa Qom, kando ya baba yake aliyemfundisha.

Msomaji sasa ameona ya kuwa mitindo ya wanne hawa haifanani. Mmoja alilia, mmoja alifundisha, mmoja aliusia, mmoja alibishanisha. Bahari zao ni mbali mbali na lugha zao ni mbali mbali. Kinachofanana ni kimoja: nyuma ya kila mmoja upo mlango wa nyumba uliofunguliwa. Mungu humpa amtakaye kipawa, hilo hatulikatai. Lakini kipawa ni mbegu, na ni mbegu ngapi ziliwekwa ndani ya vifua vya mabinti katika nyumba zetu, zikakauka kwa sababu aliyekuwa na maji alisema, "Yatamfaa nini?" Hizo hazina diwani wala kaburi la kuzuriwa, na hasara yake hatutaijua kamwe.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu mambo mawili. La kwanza, watafuteni wazee wa kike katika nyumba zenu, muwaulize nyimbo za arusi, kasida na beti za wasia walizozipokea kwa mama zao, mziandike. Maandiko mengi ya pwani yetu yamehifadhiwa katika maktaba za London na Dar es Salaam, na twawashukuru walioyahifadhi. Lakini yaliyomo ndani ya vifua hayana maktaba, na mwenye kifua akizikwa huzikwa nayo. Na kama yako makaratasi ya zamani ya herufi za Kiarabu ndani ya sanduku, msiyaachie mchwa. Yatoeni, muwaonyeshe wanaojua kuyasoma.

La pili, kazi hiyo ya kuandika mpeni binti. Aketi karibu na bibi yake, bibi aseme, naye aandike, na neno asilolijua aulize. Akikosea, asahihishwe kwa upole. Huenda akatoka katika daftari lile akiwa mshairi, na huenda asitoke. Lakini atatoka anajua lugha yake, anajua adabu za watu wake, na anajua ya kwamba maneno yake yana thamani ya kuandikwa. Hilo pekee ni mahari njema aliyopewa na wazazi wake kabla ya kupewa mahari na mume.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za elimu, na awarehemu waliotufundisha, tunaowajua majina na tusiowajua. Amin.